Mzinga kwa Kilo

Kijana kaja na kiroba begani,
kakitua mbele ya mizani yangu, hapa Mtama,
kando ya barabara iendayo Masasi.
"Nimekigonga shambani Mahiwa, kwenye mihogo.
Jembe limepinda. Tazama."
Nikatazama jembe kwanza.
Kisha chuma: kizito kuliko ukubwa wake,
kutu imekivaa kama gome la mkorosho,
na chini ya kutu, nilipokwaruza kwa msumari,
herufi moja ya Kijerumani, au ni ufa tu.

"Kitu gani?"
"Mzinga," nikasema. "Kipande chake."
Akacheka. Kwao mzinga ni gogo lililotobolewa,
linatundikwa juu, linangoja nyuki.
Nikamwambia huu haukungoja mtu.

Babu yangu Nampoto aliukokota.
Walimkamata Nyangao, akitoka kuchimba ming'oko,
wakamtia kambani yeye na wenziwe, safu mbili,
kama ng'ombe; ng'ombe wenyewe mbung'o walishawamaliza.
Mzinga ulitoka melini, alisema,
meli iliyofia matopeni huko Rufiji;
ukavikwa magurudumu, ukafundishwa kwenda nchi kavu
kwa miguu ya watu.
Siku ya mchanga walikwenda mwendo wa kinyonga.
Siku ya mlima waliulalia usirudi nyuma.
Aliyeanguka, uzito wake waligawana waliosimama.

Hakuwahi kuuona ukifyatuka.
Siku ulipolia Mahiwa alikuwa Mto Lukuledi
anachota maji, si ya kunywa watu,
ya kuoshea koo la chuma.
Maji yakatetemeka ndooni kabla sauti haijafika.
Cha kwanza kusikia, alisema, kilikuwa bega.

Bega hilo nalijua. Lilikuwa na mfereji.
Utotoni nilipanga humo punje za mtama,
nikafikisha kumi na moja, zikatulia
mpaka alipocheka.
Ujira walimpa karatasi.
Mchwa wakaila kabla ya masika,
na serikali iliyoiandika ilikwisha ondoka,
na iliyokuja ikasema yenyewe haidaiwi.

Ningependa kusema nyuki waliingia mtutuni,
wakaweka asali, neno likarudi kwao.
Sijui. Babu alisema wenyewe waliulipua
wasimwachie adui,
vipande vikaangukia mashamba ya watu,
na watu, waliporudi kutoka porini,
wakapanda mihogo juu yake, kwa kuwa njaa ilikuwapo.

Mizani: kilo kumi na tisa na nusu.
Bei ya leo mia saba.
Kijana anahesabu kwa midomo.
Mimi nami nahesabu: safu mbili, kamba ndefu,
kutoka Rufiji hadi hapa, mtu kwa mtu,
nashindwa, maana aliyeandika idadi ya makombora
hakuandika ya mabega.

Alhamisi lori litapita.
Chuma kitakwenda Dar, kitaingia tanuruni,
kitatoka nondo, kitalala ndani ya zege
la nyumba ya mtu nisiyemjua;
atatundika pazia, atapiga usingizi.
Nikiweke? Wapi? Nina watoto shule,
na kutu haina adabu, inakula hata kumbukumbu.

Ila daftarini, penye nafasi ya jina la mleta mzigo,
kalamu ilisita kidogo
kisha ikaandika: Nampoto.
Kilo 19½. Amelipwa.

Kijana alikwisha zikunja pesa, kafika mlangoni.
Akageuka, anajikuna shingo,
akanipiga mzinga:
mia tano tu, mzee, ya soda,
na hili jembe, nani atalinyoosha?
Nikampa elfu mbili.
Jembe nikamwambia aliache.