Mizani ya Bi Riziki

Kirikuu chake kinavuta kilo mia tatu na hamsini,
hakiongezi hata kilo ya sukari.
Ndivyo tulivyoanza: si kwa mchoro, kwa katazo.

"Pemba yenyewe shubiri," nikamwambia,
"ukitoka Wete asubuhi, adhuhuri ardhi imekwisha.
Nyumba ya magurudumu ya nini?"
Akavua miwani.
"Miaka thelathini na moja nimechanja watoto,
Tumbe, Shumba, Kiuyu, Micheweni,
na kila siku gari la serikali likinirudisha kabla ya magharibi.
Usiku wao siujui unanukaje."

Basi.
Msimu umekwisha, nikaazima mizani ya karafuu,
nikaiweka uani kwangu Limbani,
kila kitu kikapimwa kabla ya kupigwa msumari.
Plaiwudi ya milimita nne, nje na ndani,
katikati povu gumu la maboksi ya samaki,
gundi, mawe juu yake, siku mbili za kungoja:
ukuta ukatoka mtu mmoja anaubeba kama mkeka,
unanukia karafuu.
Mbavu za paa nikazitoboa matundu, tundu baada ya tundu,
mpaka mke wangu akauliza kama nimeingiwa na dumuzi.
Bati la alumini, lile jembamba,
linalopinda ukilitazama vibaya.

Lakini wepesi si kupunguza tu.
Pua ikiwa nyepesi mno
mkia hucheza ngoma yake barabarani
na kukuvuta mtaroni pamoja nao.
Kitanda kikaenda mbele, pipa la maji juu ya ekseli.
Babu yangu alihesabu mizani kwa vidole, akitunga;
mimi nahesabu kwa chuma,
na kosa langu halisameheki kwa sauti nzuri.

Jumla ikapita kilo nne.
"Toa mbuzi," nikasema.
"Mbuzi haitoki. Nazi n'takunia nini?"
Tukang'oa milango ya kabati,
tukatundika chandarua.

Ijumaa ya kwanza akalala Shumba.
Alfajiri wakamgongea
wanaume wenye ndevu, wanawake wenye wajukuu,
kila mmoja na kovu dogo begani, kazi ya mkono wake.

Jumapili akarudi kwa mwendo wa kobe,
chuma cha kuvutia kimepinda,
ndani mikungu ya ndizi, mafenesi mawili, muhogo,
na jogoo amefungwa mguu wa meza, amekasirika.

Gurudumu la kushoto. La kulia. Pua.
Nikajumlisha mara mbili:
mia nne na kumi na mbili.

Kasimama kando ya mizani, anafuta miwani kwa pindo la buibui.
"Haya, fundi," anasema. "Tutoe nini?"