Fungu

Gigiri, ghorofa ya tatu, Julai
ile ya baridi inayong'ata masikio.
Nimefungiwa ndani ya kibanda cha kioo
na Khavere, chupa ya chai ya tangawizi,
na vipaza sauti viwili. Wakisema, tuseme.

Nchi nne zimekuja kugombea kitu
ambacho, maji yakijaa, hakipo.
Yakipwa, huchomoza mgongo
kiasi cha sebule yangu ya Umoja,
ukiondoa kochi.

Wa kwanza anasema ni kisiwa.
Wa pili, mwamba mtupu.
Wa tatu ameleta ramani iliyokunjwa miaka mingi
hata mikunjo imekula visiwa vingine.
Wa nne hana maneno mengi: alisimika bendera,
upepo ukaichukua, akasimika nyingine.

Zamu yangu. Ulimi unapapasa
na unachookota ni *fungu*:
mchanga na matumbawe yaliyoinua kichwa,
na pia haki ya mtu, kilichotengwa kwa jina lake.
Nikasema, "Fungu hili ni fungu letu."
Khavere akanipiga kiwiko, akacheka bila sauti.
Kwa Kiswahili leo tunasikilizwa na wawili:
mwandishi wa habari aliyesinzia
na Ekitela, mlinzi wa mlangoni,
aliyevaa vipokea sauti kwa udadisi tu.
Ekitela alitikisa kichwa. Sijui alikubali au alisikitika.

Wakati wa chai nikamuuliza wa nne:
umewahi kufika?
Akatoa simu. Povu jeupe, mlingoti umeinama,
na juu ya bendera ndege mmoja
akijisaidia bila haraka.

Jioni, Umoja. Alhamisi ndiyo siku yetu ya maji.
Mitungi imepangwa toka ngazini hadi getini,
na Moraa wa chumba cha sita
amechora mstari wa chaki
kati ya ndoo yake na yangu.
"Huku kwangu," akasema. "Nilifika saa nane."
"Mimi niliacha sufuria hapa tangu asubuhi."
"Sufuria si mtu."
Nikanyamaza. Hoja hiyo niliitafsiri mchana,
kwa malipo.

Maji yakaja kwa kishindo, yakafuta chaki,
yakajaza ndoo kumi na nane.
Kisha mfereji ukakohoa, ukapwa.
Moraa akaitazama ndoo yangu, kavu,
akasema taratibu, bila ubaya,
"Dada, leo lako fungu la kukosa."
Akanimiminia kopo mbili.

Kesho saa tatu, kikao cha pili.
Watajadili neno *letu*.