Mshika Zinjifuri

Kazi yangu ilikuwa sahani ya kauri,
ndogo, ya kuenea kiganjani,
na ndani yake zinjifuri: jiwe jekundu lililosagwa,
mafuta ya mbarika, nyuzi za hariri.
Kila alfajiri niliikoroga kwa kijiti cha mfupa
hata ikalainika kama ulimi wa ndama,
kisha nikapiga magoti kushoto mwa kiti
kungoja muhuri ushuke.

Mwana wa Mbingu alikuwa na miaka sita.
Jino la mbele lilimng'oka juzi,
akalificha ndani ya kiatu
wasije wakalitolea tangazo.
Miguu haikufika chini. Walimwekea kigoda,
na juu ya kigoda, mto,
na juu ya mto, dola nzima ikining'inia na visigino viwili.

Nyuma yake pazia la lulu.
Nyuma ya pazia, Bibi Mkubwa.
Hatukumwona. Tulimsikia akibangua mbegu za tikiti:
tk.
Mbegu moja, kubali. Mbili, ahirisha.
Akinyamaza, mawaziri walilowa jasho hata wakati wa baridi.

Na kulia, Towashi Mkuu Fei Lun,
sauti nyembamba, uzi unaotafuta tundu la sindano,
akisoma barua zilizochaguliwa.
Zisizochaguliwa zilipashia chai.
Nazijua; mimi ndiye niliyezipeleka jikoni.
Ukame wa Longdao ulichemsha birika mbili.
Daraja lililozama na harusi yake, nusu birika.

Mwaka ule waliuita Amani Tele.
Miaka ya kwetu hupewa jina kabla haijazaliwa.

Siku ya tisa ya mwezi wa kumi
ikaja karatasi iliyokunjwa,
mkono wa Fei Lun umeilalia kichwani.
"Hii ndogo tu, Mwana wa Mbingu. Ya bustani."
Tk.
Mtoto akaushika muhuri kwa mikono miwili,
kama ambebavyo paka asiyetaka kubebwa,
akauchovya kwangu.

Nilijua kusoma. Hawakujua kuwa najua.
Mama, muuza ubani, alinifundisha
kwa kidole, juu ya majivu.
Kati ya vidole vya Fei Lun nikaona jina:
Yan Kezhuo.
Mwalimu wake. Aliyemfunza hesabu kwa korongo wa bwawani.
Aliyesema mbele ya baraza, bila kuinama,
kwamba mfalme asiyesoma ni muhuri wenye miguu.

Ningeweza kutetemeka.
Sahani huanguka; kila mwezi huanguka moja.
Karatasi huingia doa, hutakiwa nyingine,
na nyingine ni kesho,
na usiku mmoja unamtosha mtu mwenye farasi.
Adhabu yake viboko ishirini.
Nilivihesabu.
Nilivihesabu vyote, kimoja kimoja, mgongoni mwangu,
muhuri ukiwa bado hewani.
Mkono haukutikisika.
Sijawahi kushika kitu vizuri namna ile.

"Tumeandika nini?" mtoto akauliza.
"Kupogoa," akajibu Fei Lun. "Mti mmoja mzee."
Akafurahi. Aliipenda ile alama, pembe nne, nyekundu.
Akaipuliza ikauke upesi.

Kesho yake alingoja somo.
Korongo wakatua, akawahesabu peke yake,
akakosea, akaanza upya.
Kisha akanigeukia mimi,
labda kwa kuwa nilipiga magoti na tukalingana kimo.
"Mwalimu anaumwa?"
Nikasema, yuko bustanini.

Bibi Mkubwa aliondoka na uvimbe wa koo.
Fei Lun aliondoka na kamba ya hariri,
kwa muhuri uleule, sahani ileile.
Mtoto hakuifikia miaka kumi na moja,
na kuhusu hilo sikuona karatasi.

Siku hizi nauza wino mji wa kivukoni.
Wateja hunitazama nikimimina kwenye vichupa
vyenye mdomo mwembamba kama unyasi,
tone halimwagiki.
"Mzee," huuliza, "utulivu huu uliupata wapi?"
Nawatajia bei.