Lala

Mwalimu Guo alikuja kupima kina cha bandari mpya,
mkataba ulipokwisha akaenda zake.
Aliacha buli lisilo kifuniko, kandambili
na ngumi moja.

Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya.
Darini kwetu, Mkomani, baada ya isha,
alitanguliza mguu mmoja, akasema:
"Mkono lala. Mguu amka. Piga."
Basi. Miezi saba, maneno hayo hayo.

Famau, mwashi, anasema lala ni usingizi:
mkono uwe mzito kama wa mtoto aliyebebwa kutoka arusini,
hauna habari, unamwangukia tu mtu.
Binamu yangu Somoe anasema la,
lala ni kulala kifudifudi, ngumi itazame sakafu,
yeye alikiona kifundo cha mwalimu kwa macho yake.
Lali wa maabara ya hospitali, mtu wa hoja,
anasema lala ni kulala kwako:
kiwiko kisikeshe nje, kibaki ubavuni
kama mume mwenye adabu.

Chai ikapoa. Famau akamwambia Lali
hajui Kiswahili, seuze Kichina.
Lali akashuka ngazi bila kuaga,
na Somoe wiki mbili hapiti njia ya kwetu.

Mimi simo. Mimi ndiye mshika godoro.
Godoro la sufi la mama, nimelikumbatia,
nimepokea ngumi zao tangu Mfunguo Sita.
Ya Famau huja yote mara moja,
gunia la chokaa likiporomoka mgongoni mwa punda.
Ya Somoe huchoma, halafu hutafuta pa kutokea.
Ya Lali huisikii. Unasema, huyu hajapiga,
ndipo visigino vyako vinarudi nyuma vyenyewe.

Wananitazama: ipi?
Zote zinauma, nawaambia.
Hawalipendi jibu hilo.

Mwishowe nikamwandikia mwalimu, nikazipanga zote tatu,
usingizi, kifudifudi, nyumbani,
nikamuuliza yeye alikusudia ipi.
Siku kumi na tisa. Kisha simu ikalia:
"Ndiyo."

Famau akacheka, si niliwaambia.
Somoe naye akasema vivyo hivyo.
Lali ameomba aoneshwe saa ujumbe ulipotumwa.

Godoro sasa lina bonde, upande wa ukutani,
sijui la nani.
Mama hulala papo hapo kila usiku.
Amekataa nilipige fimbo lijae.