Kona ya Tatu

Alileta lori alfajiri, likiwa bado limepoa.
Nikashukuru. Wengi huniletea yakifoka
kama maziwa ya mtu aliyeitwa nje.

Crisanto Vilte, mbeba chumvi,
apandaye Lipán mara tatu kwa juma
na kurudi na matofali meupe yamefungwa kamba.
"Ni rejeta," alisema. "Au pampu.
Themostati nimebadilisha mara mbili, Nélida,
na kifuniko ni kipya, kimetoka Salta."
Kwenye tambarare geji hutulia kama ng'ombe aliyeshiba.
Mlimani, gia ya pili, ndipo sindano hupanda.

Nilikwisha kujua. Ila kujua si kupima.

Nikachomoa ufunguo, nikautia mfukoni mwangu
(baba yangu siku moja aliuacha kwa mwenye gari,
ndiyo sababu vidole vyake viliishia tisa).
Nikafungua boneti, nikashika panga moja la feni,
nikalisukuma kama mtu anavyosukuma mlango wa jirani.
Feni nzima hukukatalia kidogo.
Utadhani ina asali tumboni:
hugeuka nusu, robo tatu, ikasimama.
Hii ilizunguka. Mara mbili, nne,
tano,
bila ubishi,
kama mtu anayekubali kila unachomwambia.

Nikapitisha kidole nyuma ya kitovu chake:
mafuta mazito, yamenasa vumbi na chembe za chumvi.
Nikaitikisa mbele na nyuma, beringi ikacheza.
Ile springi ya mbele, iliyojiviringa kama konokono,
ndiyo ihisiyo joto na kuamuru: shika!
Yenyewe ilikuwa salama,
ikiuamuru mkono ambao haupo tena.

"Ilikuwa ikinguruma ukipanda?" nikamwuliza.
"Kama upepo uliofungiwa kwenye pipa?"
Akafikiri. Nusu ya masikio yake aliyaacha migodini.
"Herminia ndiye aliyelalamika.
Tukifika kona ya tatu anapandisha kioo, anasema,
lori lako linanipigia kelele kuliko wewe."

Herminia tulimzika Agosti.
Ardhi ilikuwa ngumu, ilibidi tuazime sururu.

"Nilidhani," akasema, akiitazama feni,
"nilidhani huo ukimya ni wake."

Sikuwa na la kumjibu.
Nikatafuta spana kubwa.
Nati ile hufunguka kinyume na nyingine zote;
ukiilazimisha, unaikaza.

Klachi mpya ilikuja Alhamisi kwa basi.
Nikaziba nusu ya rejeta kwa kadibodi
ili joto lisichelewe, tukapanda sote wawili.
Kule juu maji huchemka mapema,
hewa ni nyembamba, feni hupiga isishibe.
Kona ya kwanza, hamna.
Ya pili, sindano ikapita robo tatu,
nami nikaanza kujilaumu kimoyomoyo,
labda geji, labda mimi, labda kweli rejeta.

Ya tatu, ikashika.
Mngurumo ukapanda kutoka sakafuni,
ukatikisa kioo, ukatikisa meno,
na sindano ikaanza kurudi, taratibu,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Crisanto hakusema kitu.
Akanyoosha mkono mbele yangu, macho yake barabarani,
akashika mpini wa dirisha la upande wangu
akauzungusha, akauzungusha,
mpaka kioo kikafika juu kabisa.