Jina Ndani ya Kofia

Nilimkataza. Hilo nalisema mwanzo.
Kila aliponyosha mkono kwenye kofia ninayoshona
niliuondoa, nikihofia sindano,
nikihofia zaidi jasho la vidole vyake kwenye nguo nyeupe
ya mteja wa Mkomani aliyekwisha kulipa nusu.

Alikuwa na miaka miwili homa ilipoingia nyumbani.
Ikatoka na mato yake, ikatoka na masikio,
ikasahau mikono.
Watu wa Langoni walituhesabia: hana hiki, hana kile.
Vidole hakuna aliyevihesabu.

Lakini Barke alijua.
Punda aliyebeba mawe na punda mtupu aliwapambanua
kwa mtetemo wa ukuta shavuni.
Alijua unga wa mofa ulioumuka na ule bado.
Mimi alinijua kwa sugu ya kidole gumba.
Baba kwa koo: alilishika akisoma Yasini,
na kwenye kila kituo kidole chake
kilitua mapema kidogo kuliko sauti.

Na mama, mtungaji wa tenzi za harusi,
alihesabu mizani kwa kugonga. Usiku
aligonga mgongo wa Barke, nane, pumzi, nane, pumzi,
sisi tukidhani anambembeleza:

    Nipa mkono kwa pole
    nikwandike kwa kidole
    neno lisofika kule
    lifike kwa ngozi yako

Mama alifariki mwaka wa mvua nyingi.
Mgongo ukanyamaza.
Barke akawa anagonga ukuta, nane, nane, mpaka usiku wa manane,
na jirani akatuletea kombe anywe, shetani amtoke.

Kisha akaja Mwalimu Nyevu kutoka Malindi
na mfuko wa vigingi vya mbao.
Hakutuamkia. Alikaa sakafuni
akatia mikono yake chini ya mikono ya Barke,
akangoja. Chai ikapoa.
"Chini," aliniambia baadaye. "Mkono wa juu unaamrisha.
Wa chini unangoja kuulizwa."

Maji yakawa kidole kinachoshuka kooni.
Mwalimu akawa saa yake ya mkononi, isugue mara mbili.
Mimi nikabaki sugu.

Siku moja alichukua kofia mapajani mwangu, haijakwisha,
akampa.
Barke akapita tundu kwa tundu, safu kwa safu,
akasimama palepale nilipokosea mwezi mzima uliopita
na nikadhani nimeficha.
"Huyu anasoma," Mwalimu akasema. "Wewe ndiye uliyechelewa."

Nikanunua karatasi ya manila. Nikachoma kwa nyuma,
kinyumenyume, ili vipele vitokeze mbele:
B, viwili, kama vifungo vya kanzu.
A, kimoja, peke yake.
R, ubao wa mlango na kitasa chake.
K, juu na chini, katikati hamna mtu.
E, kimoja juu na mwenziwe kateleza upande.

Miezi mitano jina lilikuwa upele wa karatasi.
Alilinusa. Aliwahi kulitafuna.
Halafu, Jumanne, nakumbuka kwa kuwa nilikuwa na deni la uzi,
akagusa karatasi, akagusa kifua chake,
karatasi, kifua, karatasi,
akanitafuta chumba kizima mpaka akanipata,
akatia mkono wake chini ya wangu
na kuupeleka kwenye lile B.

Sasa tunashona wawili.
Juzi Mzee Bauri alirudisha kofia, kageuza ukanda wa ndani:
"Hapa kazi imeharibika. Vito havifuatani."
Nikapitisha kidole. Viwili. Kimoja. Mlango na kitasa.
Nikamwambia samahani, nitakupunguzia mia mbili.

Ijumaa nilimwona safu ya mbele,
amemvaa dada yangu kichwani,
na hajui kusoma.