Nyama ya Kapteni

Alivunjika mguu juu ya Igowole,
kwenye mtaro wa shamba la chai, mwezi wa saba,
asubuhi ile umande ulipogeuka barafu
na majani machanga yakaungua bila moto.
Risasi moja. Ndege wakaruka kutoka kwenye misindano,
kisha ukungu ukashuka, ukafunika kila kitu, hata mlio.

Meneja akasema: chimbeni mita mbili, chokaa mifuko mitatu.
Akasema: farasi ni rafiki, na rafiki haliwi.
Akaenda zake nyumbani. Ilikuwa Jumapili;
jikoni kwake zilikuwa zinachomwa mbavu za ndama
aliyenyonya vidole vya baba yangu juzi tu.

Baba yangu, Vitalis Kikoti,
alimchana yule farasi miaka kumi na mmoja.
Alijua anapopenda kukunwa: chini ya taya,
pale manyoya yanapogeuka upande.
Sisi wanawe hakutukuna.

Watu walisimama kando ya shimo wakipiga hesabu.
Kilo mia nne, alisema Mwakipesile wa buchani,
toa mifupa, toa utumbo, kijiji bado kinashiba.
Mchungaji akasema ukwato haukupasuka,
Walawi, sura ya kumi na moja, nendeni mkasome.
Maalimu Shomvi akasema vitabu vimetofautiana,
"lakini tumbo langu halijatofautiana."
Bwana mifugo akataja sindano,
zile za maumivu, zimo bado damuni.
Na mzee Mhapa, akipangusa povu la komoni:
"Huko mjini wanatutania kwa mbwa tangu enzi za babu.
Tukiwaongezea farasi, tutapumzika lini?"
Watu wakacheka, shimo likarudisha kicheko.

Bibi Sekalinga peke yake hakucheka.
"Mwaka wa njaa tulichemsha ngozi ya kitanda.
Hakuna aliyeuliza ilikuwa ngozi ya nani."

Usiku nikasikia majembe.
Udongo uliofukiwa leo una sauti yake,
kama mtu anayekohoa chini ya blanketi.
Mbwa hawakubweka. Labda nao waliahidiwa.

Alfajiri mlango ukagongwa, mara moja tu.
Kizingitini, ndani ya kipande cha mfuko wa mbolea: ini,
limefutwa chokaa kwa uangalifu, kama mtoto anavyofutwa uso.
Fungu la mfiwa.
Nilikuja kuelewa baadaye sana:
hawakumwibia, walimletea.

Mama hakusema kitu. Aliwasha moto, akakata kitunguu,
akasonga ugali mkubwa kuliko wa siku zote.
Baba alikaa mbele ya sahani kama mtu aliyeitwa barazani.
Nilitazama taya zake. Alitafuna taratibu,
vile vile Kapteni alivyokuwa akitafuna pumba,
macho yamefumba nusu.
Akameza. Akasema, "Haina chumvi."

Ilikuwa na chumvi.
Mimi nilikula, na nisidanganye:
ilikuwa tamu, kama ng'ombe
aliyewahi kupewa sukari kiganjani.

Kulipokucha akaenda bandani.
Alikuwa amenawa kwa majivu, kwa sabuni ya unga,
kwa majani mabichi ya chai aliyoyasugua viganjani
mpaka vikawa kijani.
Jike aliyebaki, Malkia, akanyoosha shingo,
akamnusa vidole, kimoja baada ya kingine,
akarudi nyuma hadi ukutani.

Baba alisimama na brashi mkononi.
Hakumwita, hakumfuata.
Kengele ya wachumaji ilipolia akaiweka brashi chini,
akasukuma ndoo ya pumba kwa fito, kwa mbali.

Alimlisha kwa fito Agosti, na Septemba, na Oktoba.
Mvua ya kwanza ya Novemba ndiyo iliyowapatanisha.
Sijui iliosha mikono,
sijui iliosha pua.